UZI: Wamefunga gari langu mnyororo mbele ya geti langu mwenyewe. Wakazi wa Dar, tujue kwetu kunaishia wapi

Wakuu, habari za wakati huu.

Naleta jambo lililonikuta mimi mwenyewe. Naliandika kwa kirefu kwa sababu wiki mbili hizi nimezungumza na majirani wa Sinza, Kijitonyama na Mwananyamala, na karibu kila mtaa nimekuta mtu aliyelipa hela ambayo hakupaswa kuilipa. Wengi walilipa kwa sababu walikuwa na haraka. Mimi pia nusura nilipe kwa sababu hiyo hiyo.

Nakaa Sinza, barabara ya ndani, nyumba ya tatu kutoka kwenye lami kubwa. Pale kona limejengwa jengo la fremu za maduka, juu yake kuna ukumbi wa sherehe. Mwisho wa wiki magari ya wageni yanafurika mpaka huku kwetu. Mwenye jengo akaleta kampuni ya kusimamia maegesho. Hapo sina ugomvi naye, kiwanja chake ni chake. Tatizo ni kwamba wale vijana hawakuishia kwenye kiwanja chake. Walianza na mbele ya jengo, wakahamia mbele ya nyumba ya kwanza, wakaja ya pili, na hatimaye wakafika kwangu.

Jumatatu ile nilikuwa nimeshushiwa mchanga lori zima ndani, nakarabati ukuta wa uani. Gari halikuwa na pa kuingia. IST yangu ikalala nje, pua imegusa geti, matairi ya nyuma yako juu ya zege la kuvukia mtaro. Zege hilo nililimwaga mimi kwa hela yangu mwaka niliohamia. Mtu mwingine hawezi kuegesha pale, kwa sababu akiegesha mimi sitoki.

Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka na mama, ana kliniki ya presha. Nafungua geti, nakuta mnyororo wa njano umezungushwa tairi la mbele kulia, una kufuli kubwa kama ngumi. Kwenye kioo upande wa dereva kuna karatasi imebandikwa kwa gundi ile isiyotoka: nimeegesha eneo lisiloruhusiwa, faini Sh 80,000, nisipolipa kufikia saa nne gari litavutwa hadi yadi na nitaongeza Sh 100,000 ya bredauni. Chini kuna namba ya simu ya kutumia pesa na jina la mtu binafsi. Pembeni umegongwa muhuri wa duara wenye jina la kampuni tu, hauna halmashauri wala anwani.

Kijana mmoja alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jirani na reflekta yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hapa ni nyumbani kwangu." Akanijibu kwa upole kabisa, wala hakuwa na jeuri: "Bosi, hapa siyo kwako. Kwako kunaishia getini."

Nilikosa jibu. Nina hati ya nyumba, nalipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na sikuweza kumwambia yule kijana kwa uhakika kwangu kunaishia wapi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake wa dawa. Nikamwitia bajaji, akaenda peke yake. Mama yangu ana miaka 71.

Baada ya bajaji kuondoka sikupiga ile namba ya kwenye karatasi. Nilimpigia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mjumbe. Mwenyekiti alipofika akamwomba kijana vitu vitatu, na mimi nimevikariri tangu siku hiyo. Kwanza, mkataba au barua ya halmashauri inayokupa kazi kwenye barabara hii. Pili, sheria ndogo unayoitumia kutoza, na tangazo lake katika Gazeti la Serikali. Tatu, namba ya malipo ya serikali ya hiyo faini.

Kijana akampigia mkubwa wake. Mkubwa akaja na pikipiki, ana bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya barua yenye nembo ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Mwenyekiti akaisoma mpaka chini, akamrudishia. Akamwambia Halmashauri ile ya Jiji, iliyokuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa Februari 2021, na hadhi ya jiji ikaenda Ilala. Sisi Sinza tuko Manispaa ya Ubungo. Barua ile haina lolote la kusema kuhusu mtaa wetu.

Hata hivyo mnyororo haukutoka. Mkubwa akasema anasubiri maelekezo. Nikaenda kituo cha polisi nikafungua RB, yaani taarifa yenye namba kwenye kitabu cha polisi, nikarudi na karatasi yangu, nikaanza kuchimba.

Ndiyo, kuchimba. Fundi wangu wa ukuta alisikia mabishano yetu akaniuliza, "Mzee, kwani bikoni yako, ile alama ya mpaka ya wapima, iko wapi?" Nikamwambia ukuta ndio mpaka. Akacheka, akaniambia walio wengi Dar hawajajenga ukuta juu ya mpaka. Tukatoa ramani ya upimaji iliyoambatana na hati, tukapima kwa futi kutoka kona ya nyumba, tukaangukia chini ya boganvilia, nje ya ukuta, upande wa barabarani. Sururu ya tatu ikagonga kitu. Tukafukua kwa mikono. Kijiwe cha zege, katikati kina chuma chenye kutu, juu yake herufi na namba zile zile zilizoko kwenye ramani yangu. Nilizifuta udongo kwa kidole gumba mpaka zikasomeka zote.

Kutoka ukutani hadi pale ni mita 1.8. Aliyejenga ukuta kabla yangu aliurudisha ndani ili geti lifunguke vizuri. Kwa hiyo kwangu hakuishii getini. Kunapita geti, kunapita boganvilia, kunakaribia mtaro. Lile tairi la mbele lenye mnyororo lilikuwa ndani ya kiwanja changu. Aliyelifunga alikuwa amesimama kwenye ardhi yangu usiku, bila ruhusa yangu wala amri ya mahakama.

Nilimwita yule mkubwa aje aone. Aliinama, akasoma namba, akalinganisha na ramani, akasimama kimya. Saa nane mchana mnyororo ulifunguliwa. Sikulipa hata senti.

Sasa niseme ninachoamini. Mawakala hawa wanaishi kwa kitu kimoja tu: sisi ndio tunajieleza, wao wanasubiri. Inatakiwa iwe kinyume. Anayefunga mali ya mtu ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha mamlaka yake. Katiba yetu ibara ya 24 inalinda mali ya kila mtu, na ibara ya 138 inakataza kutoza kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge au utaratibu uliowekwa kisheria. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo za maegesho, hilo ni halali, lakini ni lazima ziidhinishwe na Waziri na zitangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Karatasi yenye muhuri wa kampuni haifiki huko.

Na kuhusu kulipa: pesa ya serikali inapita kwenye mfumo wa serikali kwa kontroo namba yenye tarakimu 12, inayoanza na 99. Ukiambiwa utume kwenye simu ya mtu, hiyo siyo faini ya serikali, hata kama kijana ana reflekta na mashine kiunoni.

Naomba kuwasilisha. Wenye uzoefu leteni, hasa wanaojua mambo ya ardhi.

---

Mama Wawili, Tabata:

Pole sana kaka, na pole kwa mama. Mimi nililipa. Mwaka jana, mwanangu ana homa usiku, gari liko mbele ya geti kwa sababu mume wangu alitarajia kutoka alfajiri. Tulilipa Sh 60,000 saa tisa usiku kwa simu, hatukupewa risiti. Nikiuliza baadaye ile kampuni inasema kijana yule hawamjui. Swali langu: je, naweza kudai hela yangu irudi?

---

Mleta mada:

Dada pole. Ujumbe wa muamala bado unao kwenye simu? Usiufute. Una jina, tarehe, saa na kiasi, na hapo risiti ya karatasi haina cha kuuzidi. Andika barua kwa kampuni kupitia serikali ya mtaa, mwenyekiti agonge muhuri nakala yako ya kupokelewa. Wakikaa kimya, dai dogo kama hilo unaweza kulipeleka Mahakama ya Mwanzo, huhitaji wakili.

Kuna jambo nimelijua baada ya kuuliza. Ukitaka kuishitaki halmashauri yenyewe, tangu marekebisho ya sheria ya 2020 lazima utoe notisi ya siku 90 na umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Watu wakisikia hivyo wanakata tamaa. Lakini kampuni binafsi haina kinga hiyo. Aliyepokea hela yako ni mtu wa kawaida kama wewe na mimi mbele ya hakimu.

---

Mwenye Fremu, Sinza:

Naomba nami nisikilizwe, nina duka. Nyinyi wenye nyumba mnatuonea. Mnaweka matairi, mawe, ndoo zilizomwagwa zege na chuma katikati, mnafunga mita 10 za barabara ya umma eti ni mbele ya nyumba yenu. Mteja wangu akisimama dakika tano mnamtolea maneno. Barabara siyo yenu. Mngekuwa wa kweli mngesema na hilo.

---

Mleta mada:

Umesema kweli, na sitalikwepa. Ndoo ya zege barabarani haina utetezi. Jirani yangu anayo na nimeshamwambia.

Ngoja nilieleze ninavyolielewa. Mbele ya nyumba kuna vipande viwili, na tunavichanganya. Kipande cha kwanza kinaanza ukutani hadi kwenye bikoni. Hicho ni kiwanja, ni cha mwenye hati, na mtu akiingia kufunga gari bila ruhusa kwa nia ya kukusumbua au kukutisha, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kosa la kuingia kwa jinai. Kipande cha pili kinatoka kwenye bikoni hadi lami. Hicho ni hifadhi ya barabara, ni mali ya umma. Pale mimi sina umiliki, siwezi kupafunga kwa jiwe, siwezi kumfukuza mteja wako akisimama asiponizibia njia. Nilicho nacho ni njia ya kutoka na kuingia kwangu.

Lakini kaka, na kampuni iliyoajiriwa na mwenye jengo haina umiliki wa kipande hicho pia. Kama jiwe langu halina haki ya kukaa pale, mnyororo wao una haki gani? Mwenye jengo hawezi kumpa wakala mamlaka ambayo yeye mwenyewe hana. Anaweza kumpa usimamizi wa kiwanja chake mpaka kwenye bikoni zake, basi.

---

Sururu na Futi (nafanya kazi na wapima ardhi):

Mleta mada umefanya vizuri kutafuta bikoni, lakini naomba nirekebishe watu wasije wakaumia.

Kwanza, ukikuta bikoni usiing'oe, usiisogeze, usiimwagie zege juu. Kuharibu alama ya upimaji ni kosa. Ifukue, ipige picha ikiwa na futi pembeni, ifukie nusu ili ionekane. Kama huioni, nenda kwa afisa ardhi wa manispaa yako na nakala ya hati au ofa (barua ya kupewa kiwanja), omba mpima aje arudishie. Gharama ipo, lakini majirani mkienda wanne au watano mnagawana.

Pili, msidhani kila barabara ina hifadhi ya mita 30. Ile ya mita 30 kila upande kutoka katikati ni ya barabara kuu na za mkoa, imetokana na Sheria ya Barabara ya 2007, zamani ilikuwa mita 22.5. Barabara ya ndani ya mtaa uliopimwa upana wake unatoka kwenye mchoro wa mipango miji, na mara nyingi ni mdogo sana kuliko huo. Vijana wa mnyororo wanapenda kutamka neno hifadhi kwa sababu wanajua Dar neno hilo linatisha. Waliokuwa Kimara 2017 wakati wa bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro wanakumbuka alama za X ukutani. Mtu aliyeona yale akiambiwa uko hifadhini hajibu kitu, analipa.

Tatu, wengi wetu hatuna hati. Manzese, Mburahati, Tandale, watu wana leseni ya makazi au karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri na serikali ya mtaa. Hao bikoni hawana. Kwao shahidi ni mjumbe na majirani wa pande nne. Haki ya kutofungiwa mali bila sheria haitegemei hati, ila itakubidi uwe na watu wa kusimama nawe.

Mgogoro ukiwa wa mpaka wenyewe, unaanza Baraza la Kata. Tangu 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi tena, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bado nawaona watu wanakaa Kata miezi sita wakisubiri hukumu ambayo haitakuja.

---

Kijana wa Kigogo:

Wakuu mimi niliifanya kazi hiyo miezi minane. Nimeacha. Nitasema ninachokijua bila kutaja kampuni.

Hatukuwa na mshahara. Tulikuwa na fungu kwa kila gari linalolipa. Ukifunga magari mawili kwa siku unakula, usipofunga unarudi nyumbani kwa miguu. Bosi alikuwa anatupa barabara ya kushika asubuhi, lakini ikikauka tunaingia za ndani. Tuliambiwa tutafute gari lililo mbele ya geti alfajiri, kwa sababu mwenye gari ana safari na hatabishana. Hilo tuliambiwa waziwazi.

Picha tulikuwa tunaipiga kwa pembeni. Unachuchumaa upande wa nyuma wa gari, unachukua namba, tairi na lami. Geti lisionekane. Ukipiga kwa mbele geti linaonekana na mteja anakuwa na hoja. Kwa hiyo mkikuta gari limefungwa, kabla hujasema neno, rudi nyuma hatua kumi upige picha inayoonyesha gari, geti, namba ya nyumba na barabara kwa pamoja. Piga na karatasi kabla haijabanduliwa. Na usikate mnyororo. Nimeona mtu amekata kwa grinda, wakamgeuzia kesi ya kuharibu mali, akalipa zaidi ya faini.

Mama mmoja wa Magomeni alinipa chai siku niliyomfungia gari. Alisema, mwanangu, najua siyo wewe. Nilimaliza mwezi nikaacha.

---

Mleta mada:

Mdogo wangu, ahsante. Hili la picha ya pembeni limenifanya nirudi kuiangalia ile waliyoniletea kituoni. Ni kweli. Tairi, namba, lami. Geti langu la bluu halipo.

Ningependa ujue kuwa yule kijana aliyenifungia naye sikumtukana. Alikaa kwenye kizingiti tangu alfajiri bila kunywa kitu. Ninayemdai maelezo ni aliyemtuma.

---

Mkazi wa Upanga:

Kwetu ni tofauti kidogo. Ni ghorofa, kila nyumba imepewa nafasi moja ya gari chini, imechorwa namba. Nimenunua, siyo mpangaji. Meneja wa jengo ameweka walinzi wanaofunga gari la yeyote anayedaiwa mchango wa matunzo. Mimi nabishia bili ya maji, ya jenereta na ya lifti, nimeandika barua mbili hazijajibiwa. Ijumaa wamenifunga kwenye nafasi yangu mwenyewe. Wanasema ni utaratibu wa jengo.

---

Mleta mada:

Ndugu, ghorofa zilizouzwa kwa sehemu zina sheria yake, ya 2008, ya umiliki wa sehemu za jengo. Tafuta hatimiliki yako uone kama ile nafasi ya gari imeandikwa kuwa sehemu ya unit yako au ni eneo la pamoja ulilogawiwa kutumia. Vyote viwili vinakulinda, ila kwa njia tofauti. Kisha uliza utaratibu wa jengo ulipitishwa lini na chama cha wamiliki, kwenye mkutano gani, na kama unasema neno lolote kuhusu kufunga magari. Meneja ni mwajiriwa wenu. Hawezi kuamka akatunga adhabu.

Na deni ni deni. Chama kikiwa na dai kina mahakama. Hata benki yenye hukumu mkononi inatumia dalali wa mahakama aliyeteuliwa kisheria, haitumi mlinzi wa getini. Kama unadaiwa kiasi usichokibishia, kilipe hicho kwanza kwa maandishi, ubaki na kile unachokipinga tu. Ukisimama mbele ya wenzako ukiwa hudaiwi kingine, watakusikiliza.

---

Mbongo wa Reading, Uingereza:

Nimesoma uzi wote nikiwa kazini. Huku balaa hili lilikuwepo sana, na bado lipo kwa sura nyingine. Kufunga mnyororo au kuvuta gari kwenye ardhi binafsi bila mamlaka ya kisheria kulifanywa kosa la jinai England na Wales kuanzia Oktoba 1, 2012. Scotland walitangulia: mahakama yao mwaka 1992 ilisema kumfungia mtu gari ili alipe ni sawa na kumnyang'anya kwa vitisho, na ni wizi pia.

Baada ya minyororo kukatazwa kampuni zikahamia kwenye barua. Zinapiga picha namba ya gari, zinakuletea bili nyumbani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliikubali bili ya pauni 85 ya mtu aliyepitiliza muda kwenye maegesho ya maduka kule Chelmsford, kwa sababu mabango yalikuwa makubwa na wazi, na mwenye eneo alikuwa na sababu ya msingi ya kutaka magari yazunguke. Kampuni zikashangilia. Lakini mwaka uliofuata, mahakama ya Oxford ilimsikiliza mwanamke aliyesimamisha gari mlangoni pa jengo anamoishi ili ashushe meza. Walimpiga bili. Jaji akasema kusimama kushusha mzigo nyumbani kwako siyo kuegesha, na kwamba kampuni haiwezi kubandika bango likafuta haki ambazo mkazi alikuwa nazo tayari kwenye mkataba wake wa nyumba.

Hukumu hizo hazifungi mahakama za Tanzania, najua. Lakini hoja ya yule jaji ni hii hii ya mleta mada: haki ya mkazi ilikuwepo kabla ya bango.

---

Mleta mada:

Kaka wa Reading, hiyo ya meza nimeisoma mara mbili. Mchanga wangu na meza yake ni kitu kimoja.

---

Mama Wawili, Tabata:

Nimeuona ujumbe wa muamala, nilikuwa sijaufuta. Una jina kamili la aliyepokea. Kesho naenda serikali ya mtaa.

---

Mleta mada (MREJESHO, siku ya kumi na tisa):

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi kwa walionifuata pembeni.

Nilipeleka barua tatu: moja kwa kampuni, moja kwa mwenye jengo, moja kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani. Niliambatanisha picha ya bikoni, ramani, RB na ile karatasi ya kioo, ambayo niliibandua kwa maji ya moto na kisu cha kupakia siagi, ikatoka nzima. Kampuni haijajibu mpaka leo. Mwenye jengo alikuja mwenyewe Jumapili baada ya misa, tukakaa barazani. Alisema hakuwahi kuwatuma nje ya kiwanja chake, na mkataba aliouonyesha kweli unataja namba ya kiwanja chake peke yake. Nilimwomba aandike hivyo, akaandika, akasaini mbele ya mjumbe. Karatasi hiyo ina thamani kwangu kuliko radhi.

Mtendaji ameniita Alhamisi na kampuni pia imeitwa. Nitaenda na majirani sita. Wawili kati yao walilipa, mmoja Sh 80,000, mwingine Sh 180,000 pamoja na bredauni, na wote wana ujumbe wa simu.

Mama amerudi kliniki jana, nimempeleka mwenyewe. Presha iko sawa.

Kabla ya Alhamisi tunataka kila mmoja ajue bikoni yake ilipo, tusiende kubahatisha. Sururu na Futi amekubali kuja Jumamosi saa moja asubuhi, yeye hadai kitu zaidi ya nauli na chai. Tunaanza nyumba ya mzee mwenye mwembe, yule aliyelipa 180,000. Kwake ukuta umeegemea mizizi na ardhi ni ngumu, kwa hiyo mwenye sururu ya pili aje nayo.